Jumamosi ya Kabla ya Posa

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mdomo wa birika la plastiki, tone moja, kisha kimya, kisha tone jingine, yakiangukia beseni la bati bafuni. Maimunah aliyasikia akiwa kitandani, macho yameshafunguka zamani. Nje bado giza. Bibi yake alikuwa akitawadha. Tangu magoti yaanze kumsumbua, bibi alitawadha polepole, akimwaga maji kidogo kidogo ili asimwamshe mjukuu wake, wala hakujua kwamba upole ule wenyewe ndio uliokuwa ukimwamsha kila alfajiri. Maimunah hakuwahi kumwambia. Mtu akikupunguzia kelele kwa mapenzi namna hiyo, unajifanya umelala.

Lakini siku hiyo hakuwa amelala hata kidogo.

"Maimunah," bibi aliita baada ya swala. "Njoo uninyanyue."

Akaenda, akampitisha mikono kwapani, akamnyanyua kutoka kwenye mswala. Haboba, ndivyo Wanubi wanavyowaita bibi zao, alikuwa amekuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kwenye kamba. Ndiye aliyemlea Maimunah tangu wazazi wake walipofariki, katika vyumba hivi hivi viwili vya ghorofa ya pili, hapa Bukoto.

"Baba yako mdogo Sulaimani alipiga simu jana," Haboba alisema akikaa kwenye kochi. "Watu wa Zubairi wanatoka Arua leo. Wanalala kwa ndugu zao Bombo, kesho saa nne asubuhi wako hapa na posa yao. Watakuuliza mbele ya watu. Ukinyamaza, watahesabu umekubali. Hilo unalijua."

"Nalijua, Haboba."

"Kama una neno, useme kabla."

"Sina neno."

Haboba alimtazama kwa jicho lake zima. Lile jingine lilikuwa na ukungu mweupe, na daktari alikuwa ameshasema liachwe tu.

"Basi vizuri. Leo mchana Okidi anakuja."

Maimunah alikuwa ameshika thermosi ya chai. Akaiweka mezani taratibu, kana kwamba ni mtoto aliyelala.

"Nani amemwita?"

"Mimi. Kwani simu yangu haipigi? Filamu tuliiacha nusu, wiki ya tatu hii, na mimi mpaka leo sijui nani alimwua yule mwenye hoteli. Ukishakwenda Arua nani atanimalizia hadithi?"

"Haboba, jamani. Siku ya leo?"

"Rukiah anakuja, Ojera anakuja. Ni Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Mimina chai."

Maimunah akamimina. Chai ikamwagika kwenye sahani, na Haboba akajifanya anatafuta kitu chini ya mto.

*

Jumamosi hizo zilikuwa zimeanza miaka miwili nyuma. Okidi alikuwa vijei, mtu anayetafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za waigizaji, ili watu wa kibanda cha video waelewe na wacheke. Kazini alitafsiri kwa Kiganda. Lakini alizaliwa kwenye kambi ya polisi, mtoto wa koplo wa Kiacholi, na Kiswahili kilimtoka kama maji. Siku moja alikuja duka la dawa alipofanya kazi Maimunah, anatafuta dawa ya koo lililokauka kwa kusema, akamkuta Haboba ameketi kwenye kiti cha wagonjwa. Haboba akamwuliza kazi yake. Alipoambiwa, akasema, "Mimi napenda zile za wapelelezi, za zamani, zisizo na rangi. Lakini Kiingereza sijui. Natazama midomo tu."

Jumamosi iliyofuata Okidi alibisha hodi na kompyuta yake begani. Hakuna aliyemlipa wala aliyemwomba mara ya pili. Alikuja tu, kila wiki, akakaa kushoto kwa Haboba kwa sababu sikio la kushoto ndilo zima.

Mwanzoni alisema sauti zote mwenyewe. Rukiah, rafiki wa Maimunah tangu shule ya msingi, ndiye aliyelalamika. "Okidi, ukisema sauti ya mwanamke unakuwa kama mbuzi mwenye mafua. Maimunah anajua Kiingereza. Yeye awasemee wanawake." Basi ikawa hivyo. Okidi akawasemea wanaume, Maimunah akawasemea wanawake, na Haboba kati yao. Wakati mpelelezi alipomwambia bibie fulani kwamba macho yake yanaficha jambo, ni Okidi aliyekuwa akimwambia Maimunah. Walipendana hivyo, kwa maneno ya watu wengine, kabla hawajawa na maneno yao.

Halafu ikaja Jumapili ile.

Okidi alimpeleka kwa mama yake, Banda. Maimunah alikwenda na hofu yote ya msichana wa Kiislamu anayekwenda kwa Wakatoliki. Mama Goretti, mjane mrefu wa sauti ya chini, alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amenunua sufuria mpya, gundi ya karatasi ya dukani bado inang'aa ubavuni, ili asimpikie mgeni wake katika sufuria iliyowahi kupika nguruwe. Kuku alikuwa amempeleka kwa jirani yake Abudu akamchinje.

"Nimemwuliza Abudu kila kitu," alisema. "Kula bila wasiwasi, mwanangu. Simsim nimeitwanga mwenyewe."

Maimunah alikula kila alichopakuliwa. Hakuna mtu wa dini nyingine aliyewahi kumfanyia hivyo.

Okidi alipotoka kutafuta boda boda, Mama Goretti alimshika mkono barazani.

"Nakupenda," alisema. "Sitaki uje useme siku moja kwamba nilikuchukia. Lakini nikwambie jambo moja. Kanisani tuna benchi letu. Tulikuwa saba. Mzee wangu na mimi, na watoto watano. Benchi lilikuwa linajaa, mdogo tunampakata. Sasa tumebaki wawili, mimi na Okidi. Akija kwenu, nitakaa benchi zima peke yangu. Sikukatazi. Nakwambia tu ujue."

Kisha akamtilia kuku kwenye bakuli, akalifunika kwa kitambaa safi, ampelekee bibi.

Tangu siku ile Maimunah hakupokea simu ya Okidi. Hakumwambia sababu. Angemwambia nini? Mama yako hakunitukana, hakunifukuza, amenipikia kwenye sufuria mpya? Na Sulaimani alipoleta habari za Zubairi, mtu mzima wa malori, mpole, mwenye kuswali, hakusema hapana.

*

Saa nane mchana Rukiah aliingia bila hodi, amebeba mfuko wa mandazi.

"Bibi harusi!" alipaza sauti, kisha akauona uso wa rafiki yake, akashusha. "Bambi, maskini. Hukulala?"

"Nililala."

"Mwongo. Haya, leta sahani."

Ojera akafuata. Yeye alikuwa konstebo wa polisi, rafiki wa Okidi wa tangu kambini, mkubwa wa mwili na mwoga wa paka. Alikuja na viatu vyake mkononi kwa sababu Haboba alikuwa amesafisha ngazi.

"Haboba shikamoo. Leo namkamata mwuaji. Ni mpishi."

"Marahaba," Haboba alijibu.

"Mara ya mwisho ulisema ni daktari," Rukiah alidakia.

"Uchunguzi unaendelea."

"Na kwenye ile nyingine ulimshuku farasi."

"Yule farasi alikuwa na macho ya uongo, mimi nakwambia."

"Banange! Kama polisi wote wako kama wewe, tujilinde wenyewe."

Walikuwa wakicheka Okidi alipotokea mlangoni. Alikuwa amepungua. Kola ya shati ilikuwa imemlegea shingoni, shati lile la bluu ambalo Maimunah aliwahi kumwambia linampendeza. Alimsalimia Haboba kwa kuinama, akawapa mkono Rukiah na Ojera, kisha akasimama mbele ya Maimunah.

"Habari za siku nyingi."

"Nzuri. Karibu."

"Ahsante."

Basi. Watu wawili ambao zamani walikuwa wakisahau chai mpaka ikaganda utando. Rukiah aliinamisha macho kwenye mandazi.

Okidi akafunga kompyuta kwenye televisheni. Alikuwa amekuja na spika ndogo, akaiweka karibu na sikio la Haboba, akamwuliza kama inamwumiza, akaisogeza nyuma kidogo. Rukiah akavuta mapazia. Kwenye kioo ukatokea mji wa mvua, magari ya zamani yenye macho makubwa, na mpelelezi mwenye koti refu na kikohozi kisichopona.

"Wapendwa watazamaji," Okidi alianza kwa sauti yake ya kazi, "tulipoishia, mwenye hoteli ya Entebbe amekutwa amekufa, mlango umefungwa kwa ndani. Wanaoshukiwa ni daktari wa Nakasero, mpishi wa hapa Bukoto aliyeunguza matoke, na yule dada anayepiga piano."

Haboba alicheka. Alijua vizuri kwamba hoteli ile haikuwa Entebbe. Ndiyo raha yenyewe.

Kwa nusu saa yote yalikwenda vizuri. Kisha yule mpiga piano akaonekana, amesimama stesheni ya treni, begi mkononi, na mpelelezi akamjia akiwa na mwavuli. Mwanamke akafungua mdomo.

"Maimunah," Haboba alisema. "Msemee. Bila wewe huyo dada bubu."

"Okidi ataweza."

"Mimi ni mbuzi mwenye mafua," Okidi alisema taratibu, bila kugeuka.

Maimunah akasogea mbele ya kochi. Kwenye filamu, mpelelezi alimwuliza mwanamke alikuwa wapi Alhamisi jioni. Maimunah alisikia Kiingereza kile sawasawa. Okidi naye akatafsiri:

"Nimekupigia simu mara nyingi. Kwa nini hupokei?"

Maimunah alimtazama Okidi, kisha akarudisha macho kwenye kioo.

"Zamani zile simu zilikuwepo?" Ojera aliuliza.

"Za mezani zilikuwepo," Rukiah alijibu. "Nyamaza."

Mwanamke wa kwenye filamu alijibu kwamba alikuwa chumbani akipiga pasi. Maimunah akayakamata maneno hayo kama mtu anayeshika kishikio cha ngazi.

"Nilikuwa napiga pasi."

"Siku ishirini na moja unapiga pasi?"

Rukiah aliangua kicheko. "Ana nguo nyingi huyo!"

Mpelelezi akatoa leso, akakohoa. Okidi aliendelea, sauti imeshuka, siyo tena ile ya kazi. "Nimekwenda kwa sheikh. Mara nne sasa. Nimemwambia niko tayari kusilimu. Sikukwambia kwa sababu nilitaka nije na jambo lililokamilika. Usidhani nilichelewa kwa kukosa moyo. Nilikuwa najifunza."

Kwenye kioo mwanamke alikuwa akiucheka mwavuli uliopinduliwa na upepo.

"Usifanye hivyo," Maimunah alisema.

"Kwa nini nisifanye?"

"Kuna mtu mwingine. Kesho wanakuja kwetu."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikuuliza kama ni mwema."

Rukiah hakuwa akicheka tena. Ojera alikuwa ameshika andazi hewani. Filamu ikakata kwenda mahali pengine, lakini Okidi hakukata.

"Basi niambie nilikukosea nini. Mtu hata akifungwa husomewa kosa lake. Wewe umenifunga na hukunisomea."

"Hukunikosea kitu." Sauti ilimvunjika hapo. "Hujanikosea kitu chochote, wallahi."

"Simamisha," Haboba alisema.

Okidi akabonyeza. Picha ikaganda.

"Okidi, mwanangu. Jicho langu moja bovu, lakini hili jingine linaona. Pale kwenye kioo kuna askari mnene anakula mkate. Sasa nani analia?"

Rukiah akaweka sahani ya mandazi chini.

"Ojera," Rukiah aliinuka ghafla, "twende dukani tukanunue maziwa."

"Maziwa yapo, nimeyaona pale jikoni."

"Ojera!"

"Aa. Maziwa. Ndiyo, ndiyo." Konstebo akainuka, viatu mkononi, na alipompita Okidi akamwekea mkono begani, mkono mzito, akauacha pale kidogo kabla ya kutoka.

*

Wakabaki watatu.

"Nisamehe, Haboba," Okidi alisema. "Nimeharibu filamu yako. Hapokei simu zangu. Sikuwa na njia nyingine ya kumfikia."

"Kwani unadhani nilikuita kwa ajili ya mwenye hoteli?" Haboba alivuta mtandio wake. "Ameshakufa yule. Nimekuita kwa sababu mjukuu wangu halali. Tangu Jumapili ile hali vizuri, na mimi nikimwuliza ananiambia hana neno. Sasa kaeni chini, nyote wawili. Mimi nimetazama wapelelezi miaka mingi. Mpelelezi mzuri hamwulizi anayelia. Anatazama vyombo."

"Haboba, nakuomba," Maimunah alisema.

"Jumapili ile ulirudi na bakuli jeupe lenye maua ya bluu. Ukaniambia umepewa na mama yake huyu. Nikauliza kuku amechinjwa na nani, ukasema amempeleka kwa Mwislamu. Nikala, nikasema huyu mama ana adabu. Wewe hukugusa. Ukaliosha bakuli, ukalifuta, ukalificha nyuma ya gunia la unga. Nimeliona. Sasa mimi najiuliza. Mtu aliyetukanwa angelitupa. Mtu aliyefurahi angelirudisha na kitu ndani, kama tunavyofanya watu wote. Wewe umelificha. Huyo mama alikwambia neno, mwanangu. Na alikwambia kwa upole."

Okidi aligeuka kumtazama Maimunah. "Mama? Mama anakupenda. Kila siku ananiuliza yuko wapi yule mtoto, kwa nini haji."

"Najua ananipenda." Machozi yalikuwa yakishuka na hakuyafuta. "Ndiyo shida yenyewe."

Akamweleza. Akamweleza benchi, na watu saba, na mdogo aliyepakatwa, na yale maneno ya mwisho, sikukatazi, nakwambia tu ujue. Alisimulia kwa Kiswahili kile kile cha Mama Goretti, bila kuongeza wala kupunguza, maana kwa siku ishirini na moja alikuwa akiyarudia kitandani.

Okidi alisikiliza, mikono kati ya magoti.

"Sema si kweli," Maimunah alimwambia. "Sema hatakaa peke yake. Sema yuko mtu mwingine, shangazi, binamu, yeyote. Ukisema hivyo, kesho nitafungua mdomo mbele yao wote. Nitasema simtaki Zubairi. Baba Sulaimani anigombeze, Bombo nzima inisengenye, nitavumilia. Sema tu, Okidi. Nitakuamini."

Okidi alifungua mdomo. Huyu alikuwa mtu aliyewasemea mawaziri, majambazi, madaktari na farasi, aliyeweza kumtia maneno hata mtu anayekata roho. Maimunah alimwona akitafuta. Alimwona akipita jina baada ya jina la watu wa kwao, na kila alipofika akakuta hayupo.

"Benchi la tatu," alisema mwishowe, sauti imekwisha. "Upande wa dirisha. Pale alipokuwa akikaa baba huwa anaweka mkoba wake, mtu asikae."

Maimunah alifunika uso kwa mikono.

"Kama angegombana na mimi ningeweza," Okidi alisema. "Nilijiandaa kwa ugomvi. Kila usiku nilikuwa napanga maneno, akisema hivi nitamjibu hivi. Sikujiandaa kwa hili. Hata hakuniambia. Angeniacha niende, anifulie kanzu, aninyooshee."

"Angeinyoosha vizuri," Haboba alisema.

"Angeinyoosha vizuri sana."

Wote watatu walikaribia kucheka, na kicheko hicho kikauma kuliko kilio.

"Na bila kusilimu, Haboba?" Okidi aliuliza, ingawa alijua.

"Mwanangu, wewe umekaa kwa sheikh mara nne. Umeshasikia. Sulaimani hataifunga ndoa hiyo, wala mimi sitakaa pale nikaishuhudia. Ningekuwa na namna ningekupa. Kumfuata Mungu wetu ukitaka kwa moyo wako, mlango uko wazi na hakuna bibi wa kukuzuia. Lakini kumwacha mama yako kwa ajili ya mjukuu wangu, hilo sikutumi. Angekuwa mama mbaya, ningewasaidia leo leo."

Okidi akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwuliza Maimunah, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Arua ni mwendo wa saa ngapi kwa basi?"

"Saa nane hivi. Ukiondoka alfajiri unafika mchana."

"Zubairi anaongea na watu vizuri?"

"Anaongea kidogo. Lakini vizuri."

"Unapenda dirisha. Kwenye gari lake kaa dirishani."

"Nitakaa."

"Na ukiumwa kichwa usimeze vidonge viwili. Wewe muuza dawa lakini hujui kujitibu."

"Okidi, acha."

"Nimeacha."

Alinyoosha mkono, akaurudisha kabla haujafika. Haboba alikuwa ameshageuzia uso dirishani, kwenye pazia lililofungwa, na alibaki akilitazama pazia lile mpaka wakamaliza.

*

Rukiah na Ojera walirudi na pakiti tatu za maziwa ambazo hakuna aliyezihitaji. Rukiah alitazama nyuso zao, akaelewa yote, akaenda kukaa mguuni kwa Maimunah na kuushika mguu wake.

"Tumalizie," Haboba alisema. "Wageni wangu hawatoki nyumbani kwangu hivi, katikati ya mambo. Okidi, anzisha."

"Haboba, sitaweza."

"Utaweza. Tafsiri kama ilivyo tu."

Na ndivyo alivyotafsiri, kama ilivyo. Entebbe haikutajwa tena, wala matoke. Alisema kila neno lililosemwa, hakuongeza hata moja. Mpelelezi aliwakusanya watu sebuleni, akaeleza jinsi mlango ulivyofungwa kwa ndani, na mwuaji akawa daktari.

"Nilisema!" Ojera aliruka.

"Ulisema mpishi," Rukiah alimjibu, lakini kwa upole, bila kumkejeli.

Kisha ikabaki stesheni. Mvua imekatika. Treni imesimama, moshi unatoka, na mpiga piano ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya behewa. Mpelelezi alivua kofia.

"Treni yako imefika," Okidi alitafsiri.

Mwanamke alimtazama kwa muda. Maimunah alisubiri. Halafu mwanamke akasema, na Maimunah akamsemea, neno kwa neno:

"Ahsante kwa kila kitu. Sitakusahau maisha yangu yote."

Rukiah, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, aliinua macho haraka. Alifahamu sentensi ile. Safari hii ndivyo filamu ilivyosema hasa.

Mpelelezi hakujibu. Alisimama tu mpaka treni ikaondoka, na maandishi yakaanza kupanda juu ya picha. Okidi hakuwa na cha kutafsiri. Alichomoa waya mmoja mmoja, akauzungusha kila mmoja vizuri, akaweka kompyuta begani. Alipofika mlangoni alimtazama Maimunah mara moja. Alimtazama kuanzia ushungi mpaka kandambili, polepole, kama mtu anayesoma ukurasa ambao ataurudisha kwa mwenyewe.

"Kesho wakikuuliza," alisema, "usiogope."

"Sitaogopa."

"Mungu akuweke, Maimunah."

"Na wewe. Nisalimie mama."

Okidi alitoka. Ojera alimfuata, akimshikia begi la spika. Maimunah alibaki amesimama katikati ya chumba, na Rukiah akamzungushia mikono kutoka nyuma.

Lakini Haboba alikuwa ameinuka mwenyewe. Bila kunyanyuliwa, magoti yale yale, akishika kochi, kisha ukuta, kisha fremu ya mlango, mpaka akafika kwenye ngazi. Okidi alikuwa ameshashuka nusu.

"Okidi!"

Akasimama, akageuka. Uso wake ulikuwa umelowa na hakujaribu kuuficha.

"Naam, Haboba."

"Mwezi ujao huyu hatakuwepo hapa. Nyumba itakuwa na mimi peke yangu. Siku hizi hakuna anayepanda ngazi hizi kwa ajili ya kizee." Alipumzika kidogo, mkono kifuani. "Sikuiti kwa filamu. Filamu acha. Njoo tu tukae, na mama yako uje naye, mwambie namtaka kwangu nimwandalie na mimi. Mtakuja, mwanangu? Niambie mtakuja tena."